Karani wa Dirisha la Tatu

Baba yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alimaliza sekondari mwaka 1970, na kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika: "Hana mchezo." Alitembea na sifa hiyo maisha yake yote.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa karani wa kuandikisha vizazi na ndoa, akakaa dirisha la tatu miaka thelathini na tisa. Bwana harusi aliyekuja bila kuchomekea shati alirudishwa nyumbani. Mmoja aliona aibu kurudi, akachomekea palepale mbele ya wakwe, na baba akamwambia, "Sasa naona mtu anayeoa." Mtaani walimwita Bwana Adabu, naye hakukasirika.

Alimwoa mama yetu tarehe 2 Desemba 1978, wakajaliwa watoto wawili: kaka yangu, na mimi ninayesoma wasifu huu.

Juni 2010 nilijifungua mtoto wa kike bila ndoa. Nilipokwenda kumwandikisha nilipanga foleni kama wengine, nikafika dirishani kwake. Hakuinua macho.

"Jina la mama?" aliniuliza, yeye aliyenipa jina hilo.

Nikalitaja. Akaliandika kwa mwandiko wake mzuri, akagonga muhuri, akaita, "Anayefuata!" Tangu siku ile mwanangu hakuruhusiwa kukanyaga nyumbani kwake. Niliumia sana, na leo sitaficha kwa sababu tuna wageni.

Alistaafu mwaka 2011. Januari mwaka huu alipata kiharusi, nami nikawa nakuja kila Jumapili kumsaidia mama kumwogesha. Kila nilipoingia aliuliza, "Umekuja peke yako?" Nikijibu, "Ndiyo, baba," anageukia ukuta. Nilidhani ananikagua.

Jumapili ya tarehe 9 Oktoba aliuliza, "Peke yako tena?" Hapo ndipo nilipomwelewa. Nikamwambia nitamleta mtoto Jumamosi.

"Achane nywele," akasema kwa shida. "Na soksi avae."

Alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 2022, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, na mjukuu mmoja wa miaka kumi na miwili, ambaye leo amemwona babu yake kwa mara ya kwanza.

Mungu ampe pumziko jema baba yetu.