Mama Vipeperushi Anafunga Inboksi

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, Mratibu wetu wa Washiriki atarudisha ufunguo wa chumba namba saba na kuondoka akiwa mstaafu. Atakuwa amekitumikia kitengo chetu cha utafiti wa afya ya akili kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Wakurugenzi watano wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Jina lake kamili linajulikana na ofisi ya mishahara. Sisi wengine tunamwita Mama Vipeperushi, na ukimwita vinginevyo kwenye korido hageuki.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Haikupita miezi mitatu ikaonekana kwamba anachokiweza hasa ni kitu kingine, kuwapata watu. Kwa wasiojua, utafiti wetu hauanzi na daktari wala kompyuta. Unaanza pale mtu wa nje anapokubali, kwa hiari yake, kuja kukaa kwenye kiti na kueleza mambo ambayo hata ndugu yake wa tumbo moja hajawahi kuyasikia. Mtu wa namna hiyo haokotwi njiani. Kumtafuta ndiyo kazi aliyoifanya mama huyu, na aliifanya kwelikweli.

Miaka hiyo silaha yake ilikuwa karatasi. Alipeleka vipeperushi sokoni, stendi, kwa vinyozi, mpaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako muuzaji alivipokea kwa shukrani nyingi kisha akaanza kufungia misumari. Ofisini watu walikasirika. Wiki ya pili akatokea fundi seremala, kipeperushi mkononi kimetobokatoboka, akauliza kama hapa ndipo wanaposikilizwa watu wasiopata usingizi. Basi kuanzia hapo, kila Jumatatu Mama alimpelekea muuzaji yule bunda zima, kwa makusudi. Utafiti wetu wa wanaume, ambao kila mtu alisema hautapata watu maana wanaume hawasemi, ulijaa kabla ya muda. Ripoti iliandika kwamba washiriki walipatikana kwa "njia shirikishi za kijamii". Ilikuwa misumari, jamani.

Mitandao ya kijamii ilipoingia, wengi tulidhani zama zake zimekwisha. Simu aliishika mbali na uso kama mtu anayesoma barua ya kuitwa mahakamani, na posti yake ya kwanza ilitoka kichwa chini miguu juu. Tulicheka. Hakununa. Alijifunza kwa kidole kimoja, kile cha shahada, na baada ya mwaka kidole hicho kilikuwa kinaleta washiriki wengi kuliko vidole vyetu kumi.

Ila jambo ambalo kitengo hiki kitajivunia hata tukiwa tumekufa sote ni utafiti wa kina mama waliojifungua, miaka minne iliyopita. Tulitafuta kina mama mia mbili na arobaini waliokuwa wakisumbuliwa na sonona, ile huzuni nzito inayomshika mzazi na ambayo watu huiita uvivu au maringo. Tulipewa wiki kumi. Tukiwapata, hospitali ingefungua chumba cha ushauri kwa ajili yao. Tukiwakosa, wafadhili wangefunga jalada na chumba kingebaki kwenye mchoro.

Mwandishi wa maneno haya, ambaye ni afisa mawasiliano na wakati huo alijiona bingwa wa mitandao, alitengeneza tangazo. Picha ilikuwa ya mwanamke aliyeshika kichwa kwenye kona yenye giza. Chini yake paliandikwa: "Unamjua mama aliyejifungua ambaye hayuko sawa? Mtaje hapa." Siku mbili tu, komenti elfu moja na mia sita! Mwandishi alipita kwenye korido kifua mbele.

Sisi tulizihesabu komenti. Mama Vipeperushi alizisoma. Mawifi waliwataja mawifi zao wakaweka na vikatuni vya kucheka. Majirani walitajana kama wanacheza. Na mama mmoja, aliyetajwa na dada wa mumewe mbele ya ukoo mzima, alituandikia kwamba sasa nyumbani wanamnyang'anya mtoto asimbebe, eti ana wazimu.

Asubuhi hiyo Mama aliingia kwa Daktari anayeongoza utafiti, mkoba ungali begani, akataka tangazo lishuke. Mwandishi akamwonyesha takwimu. Daktari akajikuna kichwa, maana tulikuwa na washiriki sabini na mmoja tu, wiki sita zimebaki, na tangazo ndiyo kwanza linashika moto. Mama hakupandisha sauti. Alisema mshiriki hukaribishwa, haburutwi, na kwamba yuko radhi aandike kwa mkono wake barua ya kuwaambia wafadhili tumeshindwa, kuliko kumpata mama hata mmoja kwa kumwaibisha. Saa sita mchana haijafika, tangazo lilikuwa limeshushwa. Kisha akampigia simu yule mama, akamwomba radhi kwa niaba ya kitengo, na kwa ruhusa yake akaongea na mumewe pia, saa nzima. Kosa lilikuwa la mwandishi. Kwenye simu ile hakumtaja.

Tangazo alilolitunga yeye lilikuwa na picha ya ndoo ya nepi zilizolowekwa. Ndoo! Maneno yake yalikuwa machache: "Mtoto amelala. Wewe je?" Komenti alizifunga. Mlango ulibaki mmoja tu, inboksi, pamoja na maelezo kwamba anayejibu ni mama mtu mzima, asubuhi hadi jioni, na kwamba jina si lazima kwa kuanzia. Mwandishi aliwanong'oneza wenzake kwamba hakuna binadamu atakayesimama kutazama ndoo.

Siku ya kwanza zilikuja jumbe nne. Siku ya tatu, kumi na tisa. Halafu kina mama wakaanza kulitumiana wenyewe kwa wenyewe, kimyakimya, simu kwa simu. Kila ujumbe aliujibu mwenyewe kwa kidole kile kile, na hakuna hata mmoja aliyepewa jibu lililonakiliwa kutoka kwa mwenzake. Alhamisi ya mwisho tulikuwa na kina mama mia mbili arobaini na watatu. Daktari alijaribu kupiga kigelegele, akashindwa vibaya. Chumba kipo leo, jirani na chumba cha chanjo, kina viti viwili na mlango unaofungwa kwa ndani.

Sasa naomba niache kujificha nyuma ya "mwandishi".

Wakati ule mke wangu alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Mimi nikihesabu komenti, yeye alikuwa anakaa na mtoto kitandani mpaka jioni bila kufungua dirisha, nami nikirudi najiambia amechoka tu. Mwezi uliopita, aliposikia Mama anastaafu, aliniambia. Aliiona ile ndoo. Hakuwa na maneno, akatuma nukta moja, basi. Mama akamjibu: "Nimeiona. Nipo." Kesho yake mke wangu akaandika yote, na mwishoni akaongeza kwamba mumewe yumo humo humo ofisini na asingependa ajue.

Na kweli sikujua. Miaka minne nimekunywa chai meza moja na mama huyu, sikuona hata dalili. Siku ya mahojiano ya mke wangu alinituma tawi la pili kufuata karatasi ambazo, nilipofika, hakuna aliyekuwa na habari nazo, nikalalamika kutwa nzima. Ni kipindi hicho hicho alipoanza kunifukuza ofisini saa kumi kamili, anaizima kompyuta yangu kwa mkono wake, anasema ofisi haina miguu, nitaikuta kesho. Nilidhani amenichoka.

Mke wangu amelisoma andiko hili, amelisahihisha mahali pawili na ameruhusu lichapwe. Amesema kama angetajwa na mtu kwenye lile tangazo langu, hata hiyo nukta asingeituma.

Mama, kitengo kizima kinasimama kukupa mkono. Tunakuombea afya, siku ndefu na wajukuu wenye adabu. Mimi nakushukuru kwa niaba ya watu watatu wa nyumbani kwangu. Asante kwa kumsikiliza. Na asante kwa kutoniambia.