Ripoti ya Mtaa Uliobomolewa

Basi la kwenda mgodi wa Mutoshi lilipita polepole ndani ya ukungu. Mbele yangu mama Blandine, karani wa takwimu mgodini, alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, mzee Djafari, aliyefukuzwa mtaani kwake mgodi ulipopanua shimo. "Tunabadirisha programu ya ripoti, tata. Ripoti yenye batu habaifunguake mwaka muzima, programu mupya haitaibeba, itapotea. Ripoti ya manyumba yenu yenye balibomoa, mi naifunguaka kila asubui, ili ibakie."

Mzee alifuta kioo kwa kiganja. "Iache tu, mama. Nyumba ya mu kompyuta haina mulango."

"Ikipotea, nani atajua mulikuwaka kule?"

Nilijifanya nimesinzia. Tingatinga lililobomoa mtaa ule nililiendesha mimi.

Basi likasimama kando ya shimo, pale ulipokuwa mtaa ule; hapakubaki hata ukuta. "Mi nimefika kwetu," akasema Djafari, akashuka.