Na Mimi Nimo Humo?

Boti ilikuwa inakaribia Unguja, na mimi nimekaa nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. Muzna, msichana wa mjini, alikuwa akijipiga picha tangu Dar es Salaam. Jirani yake, Bi Kazija, mkulima wa mwani wa Matemwe, ndiyo kwanza ameamka.

"Mwanangu, na mimi nimo humo?" aliuliza.

"Kwa nyuma tu, Bi. Umelala. Nshaiweka mtandaoni."

Bi Kazija aliichungulia simu. "Na ushungi umeanguka hivyo?"

Muzna akacheka. "Siku hizi nani anajali? Watu wanajianika wenyewe." Nilimkubalia kimoyomoyo. Asubuhi ile nilikuwa nshawatangazia watu mia tatu mtandaoni picha ya chai yangu.

Bi Kazija hakucheka. Alisimulia kwamba mgeni mmoja alimpiga picha akiwa majini, nguo kaikunja juu ya magoti, na mjukuu wake akaiona skuli kwenye simu ya mwenzake. "Siku tatu sikushuka pwani kwa haya. Simu hata mimi nnayo, naweka picha za sabuni zangu za mwani. Lakini hizo nachagua mwenyewe."

Muzna akaifuta picha. "Nisamehe, Bi. Ila wengi hawajali."

"Hawajali mpaka iwafike. Haya, nipige nyingine sasa, nimeamka. Umpelekee binti yangu peke yake."

Boti ilipogusa gati, Muzna alikuwa bado anabisha kwamba wengi hawajali, huku akiandika namba ya huyo binti.