Maji Katika Tangi la Kulia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Najua wengine wenu mtaniangalia kwa jicho lingine nikimaliza kusema. Hata hivyo, asifiwe!

Mimi ni Eliya Wekesa. Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ilipowasaka wapiganaji wa msituni, nilifanya kazi kwenye uwanja wa ndege hapa nje ya Nakuru. Mabwana watatu wa kizungu walikuwa wamenunua ndege moja kuukuu, ndogo, ya injini mbili. Mpya hawangeiweza hata wakiungana. Mmoja alilima ngano Njoro, naye ndiye aliyekuwa rubani. Sisi tulimwita Bwana Miwani. Wa pili alikuwa na shamba la pareto kule Molo. Wa tatu alikuwa daktari. Waligawana siku za wiki, na kwenye ukuta wa banda palibandikwa karatasi ya zamu. Walizozana kila mara: huyu kaacha matope ndani, yule karudisha tangi tupu. Lakini ndege yao waliipenda.

Wafanyakazi tulikuwa wawili, mimi na Njoroge. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Petroli ilikaa kwenye mapipa nje, na wakati wa mvua maji yaliingia ndani. Kwa hiyo ilikuwa lazima kuichuja kwa ngozi laini, kisha kabla ya safari kufungua chini ya kila tangi na kukinga kidogo kwenye chupa. Ukiona maji yametulia chini ya chupa, unamwaga mpaka yaishe.

"Eliya," Njoroge aliniambia siku ya kwanza, "hapa tunashika roho za watu. Usifanye haraka."

Nami, ndugu zangu, nilikuwa mlevi. Si wa kuonjaonja. Mlevi!

Jumatatu moja ya mvua, lori lilileta mama mmoja kutoka Molo, mke wa mfanyakazi wa pareto. Alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili, na daktari akasema lazima afike Nairobi kwa ndege. Njoroge akashika tangi la kushoto, mimi la kulia. Kichwa kilinigonga kwa pombe ya jana. Ngozi sikuiweka. Chupa sikuigusa. Bwana Miwani alipouliza kama tayari, nikasema, "Tayari, bwana."

Ndege ilipaa. Haijafika mbali, nikasikia injini ya kulia ikikohoa, kisha kimya. Nilisimama kwenye nyasi nikitazama juu. Bawa moja lilishuka, likainuka, likashuka tena. Injini ya kushoto, ile ya Njoroge, ikawarudisha polepole mpaka chini. Wote walikuwa hai! Daktari akamkimbiza mama hospitali ya mjini. Mama alipona. Mtoto hakupona. Kama angeishi endapo wangefika Nairobi, daktari mwenyewe alisema hajui. Mimi pia sijui, na hilo nimelibeba hadi leo.

Fundi akafungua tangi la kulia, akakuta maji. Bwana Miwani akaja mbele yetu, uso mweupe kama unga.

"Nani natia petroli hii upande?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

Ndugu zangu, nikanyoosha kidole kwa Njoroge.

"Eliya!" akasema Njoroge. "Eliya, waambie ukweli."

Nikatazama chini. Yeye alikuwa Mkikuyu, na siku zile mtu wa kabila lake akidhaniwa kuharibu ndege ya wazungu, hakuna aliyengoja kuulizwa mara mbili. Askari walimchukua kabla ya chakula cha mchana.

Nilidhani nitapumua. Wiki ya tatu mke wa Njoroge, Mama Wambui, alikuja bandani na mtoto mgongoni. Hakujua lolote. Alikuwa ameokoka, na alisimama mbele yangu kwa heshima.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ulikuwa rafiki yake. Niombee ili arudi."

Akafumba macho, akangoja. Akangoja sana! Nami nikafungua mdomo, sikupata neno hata moja. Nilijaribu kusema "Mungu" tu, nikashindwa. Nikapiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, nikalia. Nikamwambia yote.

Hakunipiga. Alisema, "Basi amka. Huyu Mungu unayemlilia, twende ukamwambie na Bwana Miwani."

Tulitembea mpaka Njoro kwenye matope. Nilijua naweza kufungwa kama mharibifu, pengine kunyongwa. Bwana Miwani alinisikiliza mlangoni hadi mwisho.

"Kwa nini nasema sasa?" akaniuliza.

"Kwa sababu siwezi kuomba, bwana."

Akachukua kofia, akanipakia garini, akanipeleka kwa askari. Wakaona ni uzembe wa mlevi, si hujuma; ndani nilikaa miezi minne, na kazi nilipoteza. Lakini humo ndani, ndugu zangu, niliomba! Kwa mara ya kwanza maneno yalitoka, na kiu ya pombe Bwana akaiondoa. Haijarudi.

Njoroge aliachiliwa wiki ile ile niliyoingia mimi. Nilipotoka nilikwenda kwake. Alikuwa anapalilia mahindi, mguu mmoja akiuburuta. Ulemavu huo hakuwa nao alipochukuliwa. Nilimwomba msamaha. Akaegemea jembe.

"Nimekusamehe, Eliya," akasema. "Bwana ameniambia nikusamehe. Lakini mkono sitakupa leo."

Ndugu zangu, hajanipa bado. Mimi huwa naenda kila Jumamosi kumpalilia shamba, naye huniruhusu. Simdai kitu. Yesu alinipokea nikiwa mwongo, mikono yangu ikinuka petroli, na hilo linanitosha kuamka kila siku.

Ikiwa kuna mtu hapa ambaye mwingine anateseka kwa ajili ya kosa lake, asingoje ibada iishe. Asimame sasa, aende. Bwana atatangulia njiani. Nami niko tayari kutembea naye, hata kama ni matope mpaka Njoro.