Gitaa la Shemeji Halina Spika

Benchi la kijiwe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Kitasa chake bado kipo, na kila mgeni hukalia kitasa kwanza ndipo ajue pa kukaa. Liko mbele ya banda la Fundi Waya, mtengeneza redio, pasi na chochote chenye umeme, na muuza kahawa huegesha jiko lake papo hapo kwa sababu anajua watu wa kijiwe hawana haraka ya kwenda popote. Alasiri hiyo walikuwa watatu: Fundi na bisibisi yake, mzee Hakimu, ambaye maisha yake yote alikuwa tarishi wa kupeleka makaratasi mahakamani, lakini tangu astaafu anatoa hukumu mwenyewe, na Kinanda, anayeitwa hivyo kwa sababu ndiye mpiga kinanda wa kikundi cha harusi cha mtaa huo. Kinanda alikuwa amenuna tangu asubuhi, na kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi.

Sababu ya kununa ilikuwa imelala mezani kwa Fundi, mgongo wazi. Ilikuwa na umbo la gitaa kamili, yaani shingo, kiuno, na mkanda wa kuvaa begani. Ila shingoni, badala ya nyuzi, palikuwa na vitufe safu kwa safu, na kiunoni nyuzi fupi za kukwanyua, fupi kama vidole. Mwenye nalo ni mpiga gitaa wa kikundi hicho hicho, ambaye kijiwe kinamwita Gitaa, naye amemwoa dada yake Kinanda. Alilinunua kimyakimya. Juzi alilipeleka kwa Fundi aungiwe waya, na Fundi, ambaye siri haikai mdomoni mwake hata ukiishona, akamwambia Kinanda kila kitu: kwamba shemeji yako anasema dude hili linatoa sauti ya kinanda, tarumbeta, zumari, lolote utakalo, na anayelipiga hahitaji kujua kinanda hata kidogo. Jana kiongozi wa kikundi naye alisikika akisema afadhali, wakipungua mmoja wataenea vizuri kwenye gari.

Damu ilimchemka Kinanda aliposikia hivyo, na haikupoa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Katika kikundi kile hakuna mtu wa kupunguzwa zaidi yake, na hilo hata muuza kahawa alilijua.

— Roho yako itulie, Fundi alisema. Nimebonyeza vitufe vyote, kimya. Nikafungua. Hamna spika. Nimetafuta mpaka shingoni. Shemeji yako ameuziwa ganda.

— Umetafuta vizuri?

— Mimi nitafute vibaya spika?

Kinanda alimwaga kahawa iliyopoa akaagiza ya moto. Tusimfiche, alifurahi. Alifurahi furaha mbaya, ile ya kumwona mwenzako ameteleza nawe umesimama pembeni mikono mfukoni, na hakujisikia aibu hata chembe. Kijiwe nacho kikachangamka. Mzee Hakimu alivuta fulana yake kama joho, akatamka kwamba kitu kisicho na spika wala tundu la kutokea sauti si ala ya muziki, ni pambo la ukutani, na aliyekiuza anastahili kifungo. Fundi akaona kifungo ni kidogo. Yeye alidai wenye viwanda wanatengeneza makusudi hivi, spika wanaiuza peke yake, na ukishaipata spika unaambiwa bado kuna kitu kingine, mpaka uzeeke unafukuzia vipande.

Hakimu hakukubali kupitwa. Akasema nyinyi hamjui mnachokitazama. Vitufe vile, kwa maoni yake, havipo kwa ajili ya kutoa sauti. Vipo kwa ajili ya kusoma vidole. Unalipiga mwaka mzima, lenyewe limekaa kimya linakariri, na siku likihitimu mwenye nalo anaambiwa abaki nyumbani. Wenye viwanda wakishawamaliza wapiga muziki watahamia kwa mpambaji, halafu kwa mpiga picha, na mwisho bwana harusi atafika ukumbini akute kuna dude limeshavaa suti. Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Kinanda hakucheka. Yeye alichangia ya kwake, nayo ilikuwa kali kuliko zote: kwamba kiongozi, Gitaa na hata dada yake mwenyewe walikula njama ya kumwaga unga wake tangu siku ya ndoa, na kwamba ile posa, akiitazama sasa, ilikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Hapo hata Hakimu alikohoa akatazama pembeni.

Gitaa alitokea katikati ya maneno hayo akitembea haraka, shati limemganda mgongoni. Alisalimia. Fundi aliitikia, Hakimu aliitikia nusu. Kinanda alipuliza kahawa yake.

— Mbona mmelifungua? Gitaa aliuliza.

— Inatafutwa spika, Hakimu alimjibu.

— Halina spika. Halijawahi kuwa nayo. Fundi, si nilikuambia waya tu?

Basi akalazimika kuwaeleza, naye alieleza kwa hasira, akirudisha bati la mgongoni huku akisema. Lile dude halitoi sauti. Ukibonyeza hapa na kukwanyua pale, linatuma amri kwenye waya: piga noti hii, kwa nguvu hii, iachie sasa. Sauti inatoka kwenye chombo kingine kilichopo upande wa pili wa waya, kinachopokea amri na kuitii. Dude ni mkono tu. Koo liko kwingine.

Fundi aliinama akaokota bisibisi yake, maana hapo heshima yake ya kazi ilikuwa imevuliwa nguo mchana kweupe. Hakimu ndiye aliyeuliza hicho chombo kingine ni chombo gani.

Gitaa alitazama birika la kahawa.

— Kinanda.

— Kinanda cha nani? Kinanda aliuliza.

Hakuhitaji jibu. Kikundi kizima kilikuwa na kinanda kimoja, nacho kinalala chumbani kwake, kimefunikwa shuka, kwenye kona isiyovuja. Anakibeba begani mwenyewe kwa sababu haamini mikono ya mtu. Kina kibao kimoja kinachokwama, naye anajua namna ya kukigusa kisikwame, na hajawahi kumwambia mtu.

Aliweka kikombe chini. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini kuliko wote walivyotarajia, na muuza kahawa, aliyemzoea, alisogeza jiko.

— Kwa hiyo sauti ni zangu. Chombo changu. Wewe unaleta waya.

— Shemeji, sikiliza.

— Unataka unifukuze kwa kinanda changu mwenyewe.

— Nani amesema nakufukuza?

— Gari linasema. Mnaenea sasa.

Gitaa naye alikuwa amebeba yake, na aliyabwaga. Alisema alimwomba Kinanda amfundishe kinanda, si mara moja. Mara ya mwisho walikuwa mazoezini, kikundi kizima kimekaa, na Kinanda akamshika mkono akauinua juu watu wauone, akasema vidole hivi ni vya jembe, havijui kutembea kwenye vibao. Watu walicheka mpaka kiongozi akafuta machozi. Yeye pia alicheka, afanyeje. Akarudi nyumbani akakaa kitandani na mke wake akamuuliza ana nini, akasema hana kitu.

— Mimi nasikia tarumbeta kichwani, Gitaa alisema. Toka zamani. Kwenye vibao vyako vidole vinapotea, nahesabu kama mtu anayepanda ngazi gizani. Hapa sihesabu.

Alivaa mkanda begani, akaweka mkono wa kushoto shingoni mwa lile dude. Vidole vilikaa vyenyewe, bila yeye kutazama. Alikwanyua. Ilisikika tikitiki ya plastiki basi, hakuna zaidi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia kitu, na mdomo ulikuwa umetulia kabisa. Kinanda aliuona uso ule, na ukamuuma zaidi ya maneno. Alimjua shemeji yake kwa kero na kwa mizaha. Hakuwahi kumwona hivi.

Na ni kweli alimcheka. Hakukumbuka siku, lakini maneno ya jembe ni ya kwake, aliyatambua kama mtu anavyotambua kandambili zake mlangoni. Angeweza kusema nisamehe shemeji, na pengine mambo yangeishia pale. Ila mbele ya Hakimu, mbele ya Fundi, na yule kiongozi ameshapanga viti vya gari?

— Na mimi nikipiga wakati wewe unapiga?

— Kinanda chako kinatoa sauti ya namna moja kwa wakati mmoja, Gitaa alisema. Unakijua. Nikiweka tarumbeta, chote ni tarumbeta. Tukiingia wote ni fujo.

Kijiwe kililipuka. Hakimu alisema mwenye koo ndiye mwenye wimbo, na kesi imekwisha. Fundi, aliyetafuta njia ya kurudisha heshima yake, aliapa kwamba waya huo hauungi ng'o, kisha dakika hiyo hiyo akasema anaweza kuunga waya mmoja ugawanyike mara mbili, ingawa hakuweza kueleza ugawanye nini. Gitaa aliwaambia wanaongea wasichokijua. Hakimu akamwambia ana kiburi cha mtu aliyeoa vizuri. Muuza kahawa aliacha kumimina akaanza kuchukua upande, na kwa muda wote watano walisema kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyemsikia mwenzake.

Mama mmoja alikuwa amesimama kando yao kwa kitambo, pasi mkononi, waya wake umezungushwa kwenye mpini. Alikuja itazamwe mbona haipati moto. Hakuna aliyemkaribisha, wala hakuona pa kukaa. Waliposhusha pumzi akapata nafasi.

— Samahanini, alisema. Sasa siku hiyo ya harusi, huyu kaka atakuwa anafanya nini?

Alikuwa anamtazama Kinanda, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

Fundi aliipokea pasi akaanza kuigeuzageuza. Wote wakamgeukia Gitaa, maana jibu lilikuwa la kwake, na Kinanda naye akamgeukia. Aliona macho ya shemeji yake yakienda huku na huku, yakitafuta, yakirudi mikono mitupu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hapakuwa na njama yoyote. Mtu aliyekula njama angekuwa na jibu tayari. Huyu alinunua dude lake, akafanya mazoezi kimya, akahangaikia waya, akaiona harusi yote kichwani mwake tangu mwanzo hadi mwisho, na katika hayo yote hakumfikiria hata mara moja.

— Hilo... Gitaa alisema. Hilo sijalifikiria, shemeji.

Kinanda alikuwa anangoja neno lolote. Angeambiwa utakaa pembeni yangu, utapiga makofi, utanishikia waya, angetukana kisha angekubali. Hata uongo angeupokea.

Alisimama, akajikung'uta suruali, akamlipa muuza kahawa.

— Basi lifikirie, alisema. Kinanda hakitoki chumbani kwangu mpaka umalize.

Akaondoka bila kuaga, yeye ambaye huaga kila mtu. Nyuma yake Gitaa alibaki amesimama na lile dude begani, mkono bado uko shingoni, na yule mama akamuuliza Fundi kama pasi itapona leo.