Kiti cha Nyuma

Kijiwe chenyewe kiko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, penye kivuli cha bati, na wanaokaa pale wana kazi zao, ila kazi hazijawahi kuwazuia kukaa. Kuna Jaji, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili ya watu mpaka akaanza kutoa hukumu mwenyewe. Kuna Injinia, fundi redio, ambaye mtaa mzima unamngoja arudishe redio zao. Kuna muuza kahawa na birika lake. Na kuna kinyozi mwenyewe, Makasi. Wote hukaa kwenye kiti kimoja kirefu kilichopandishwa juu ya matofali na kufunikwa zulia kuukuu, na kila mmoja anajua springi inayomchoma iko wapi.

Siku hiyo Makasi hakuwa na raha. Bintiye wa miaka kumi na tano, tangu shule zifungwe, alikuwa amejichimbia chumbani na simu, na baba akiuliza kitu anajibiwa “sawa” au “sijui”. Ndipo Makasi alipokwenda kumwomba mjane wa seremala lile gari la zamani lililolala nyuma ya karakana ya marehemu, hapo kona ya pili, ili walifufue yeye na mwanawe. Mjane akasema lichukueni, mradi kuku wangu muwatafutie pa kutagia. Na kweli, msichana akatoka chumbani. Akashinda na grisi mpaka viwikoni, anaongea, anauliza, anacheka, na baba mtu akawa anachelewa kufungua kibanda kwa furaha. Lakini gari halikuwa na kiti cha nyuma, na msichana alikuwa amesema waziwazi kwamba gari la kuungaunga halitaki. Kiti kisipopatikana leo, kesho anakwenda kumalizia likizo kwa shangazi yake.

— Mpigie benchi la mbao yaishe, — alisema Injinia.

— Nilimwambia. Akanitazama kama mteja niliyemkata sikio.

— Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, — alisema Jaji.

— Nimepewa bure, mzee.

— Basi umepewa mbuzi kwenye gunia.

— Kila kitu kipo, jamani. Usukani upo, taa zipo, milango ina ngozi nyekundu yenye mshono mweupe, safi kabisa. Kiti cha nyuma tu ndicho sijui kimekwenda wapi.

Injinia alijisogeza kukwepa springi yake.

— Mimi nakwambia kiliibwa kwa ajili ya springi. Springi za zamani zilikuwa shaba tupu. Ukizinyoosha unapata eriali ya kunasa stesheni za ng'ambo.

— Na wewe umeshanasa hata ya hapa mtaani? — aliuliza muuza kahawa, huku akimmiminia.

— Wewe mimina.

— Msipoteze muda, — alisema Jaji. — Kile kiti ni kielelezo cha kesi. Naikumbuka. Mke alikaa nyuma, akagoma kushuka mpaka mume amwombe radhi. Mume naye kichwa kigumu. Mahakama ikaamuru kiti kitolewe pamoja na mwenye kukikalia.

— Huyo mke yuko wapi sasa?

— Nadhani bado amekaa.

— Hapana, hapana, — alisema Injinia. — Tuseme ukweli. Lile gari halikuwa na kiti cha nyuma tangu kiwandani. Liliundwa maalumu kwa mtu aliyechoka kubeba wakwe.

Jaji alifikiri, akanywa funda, akakiri kwamba hilo linaingia akilini.

Makasi hakucheka. Alikuwa anauona ule mlango wa chumba umefungwa tena, na safari hii ndani hakuna mtu. Alimpenda mwanawe na hakujua amwambieje, na gari lilikuwa limemsaidia kusema.

Wakati huo msichana akatokea, kitambaa cha kufutia grisi begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti yetu, — aliitikia Jaji kwa niaba ya wote. — Tulikuwa tunalishughulikia suala lako. Tumefika mbali sana.

Msichana alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama pale zulia lilipochanika, karibu na paja la Injinia.

— Samahani, wazee wangu. Hiki mnachokalia mlikitoa wapi?

Injinia alimtazama Jaji. Jaji akamtazama muuza kahawa. Muuza kahawa akatazama birika. Kila mmoja, hata Makasi mwenyewe, alikuja akakikuta, akakaa, na habari zikaanza.

Msichana alifunua zulia taratibu. Ngozi nyekundu. Mshono mweupe.

— Si nilisema springi? — alisema Injinia kwa sauti ya chini.

— Mzee Jaji, naomba usimame.

— Mwanangu, mambo haya yana taratibu. Mtu akikalia kitu miaka yote hii bila bughudha...

— Simama, mzee, — alisema muuza kahawa.

Jaji akasimama, akajipangusa suruali. Ilikuwa hukumu ya kwanza kutolewa pale na yeye akashindwa.

— Sasa sisi tutakaa wapi? — aliuliza.

— Baba, shika upande ule, — alisema msichana. — Usiburute, ngozi itachanika. Ngoja kwanza.

Alitoa simu mfukoni kwa vidole viwili visivyo na grisi.

— Shangazi, shikamoo. Kesho siji... Hapana, siumwi. Tuna kazi, mimi na baba.

Makasi alikuwa ameshainama na kushika upande wake, lakini hakuinua. Alibaki vile vile, uso chini.

— Vipi tena? — aliuliza Jaji.

— Springi imenichoma.

Jaji akainama kumchungulia.

— Imekuchoma machoni?