Okwudili ni wa Mzee Tluway

Waliokuwapo kijiweni Endagikot Jumamosi ile ni hawa. Agustino Tluway, mstaafu wa josho la ng'ombe, ambaye kijiwe kilimwita Katibu. Theodory Safari, kinyozi na mwenye benchi, aliyeitwa Kocha. Clement Bura, dereva wa bodaboda, aliyeitwa Takwimu kwa sababu ya simu yake. Rogathe, muuza kahawa, ambaye hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumpa. Hakuwapo Gidahosh wa Hirbadaw, na huyo ndiye aliyekuwa akingojwa.

Ukungu haukuwa umepanda. Mzee Tluway alikaa ukingoni mwa benchi, koti limefungwa hadi shingoni, uso umeelekea barabarani. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa kazi.

Kijiwe kilikuwa na ligi yake ya kwenye simu. Kila mmoja alikuwa na timu ya wachezaji wa Uingereza, na aliyechukuliwa na mmoja hakuweza kuchukuliwa na mwingine. Mchezaji akifunga bao huko kwao, pointi zilikuwa za aliye naye. Msimu ukiisha, kila mtu hubaki na wachezaji wawili tu. Wengine hurudishwa wote na kuchaguliwa upya, kwa zamu. Uchaguzi ulikuwa siku hiyo, saa sita mchana.

Mchezaji aliyekuwa akisemwa zaidi aliitwa Okwudili, mshambuliaji. Alikuwa wa Mzee Tluway kwa miaka mitatu. Agosti iliyopita wachezaji wawili wa Gidahosh waliumia katika wiki moja, naye akasema atakuja kunywa kahawa tu, mambo ya ligi basi. Mzee Tluway hakupenda neno hilo. Wa umri wake walikuwa wamebaki wao wawili, na Gidahosh alipanda magari mawili kila siku ya mnada ili akae pale. Basi akamkopesha Okwudili, kama baba yake alivyozoea kuweka ng'ombe kwa marafiki wa Hanang: anayemtunza anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Pointi ndiyo maziwa. Kijiwe kizima kilishuhudia, na kikakubaliana kwamba atarudishwa vilevile, kwa mdomo wa aliye naye, mbele ya watu. Asiporudishwa kabla ya uchaguzi, anaingia kundini, wa kwanza kuchagua anamchukua. Mwaka huo wa kwanza kuchagua alikuwa Theodory.

Simu ya Gidahosh ilikuwa haipatikani tangu Jumapili.

Wakati wa kungoja, mashauri hayakukosekana. Clement alishikilia kwamba mtu mwenye akili abaki na mabeki, kwa sababu mabeki hawazeeki haraka, na akasoma namba ndefu zilizomchosha hata yeye. Theodory akasema namba hazina kichwa, kichwa ndicho chenye namba. Miaka kumi na tisa ya kunyoa ilimfundisha kwamba mchezaji anayebadili mtindo wa nywele kabla ya Oktoba ataumia goti.

— Kocha, wewe ulibaki na kipa mwenye upara, alisema Clement. Ulimaliza wa ngapi?

— Wa mwisho. Lakini hakuumia.

Clement naye hakukubali kuachwa nyuma. Akaja na jipya: wachukuliwe waliozaliwa milimani, maana mapafu yao ni ya baridi, na mvua ya Uingereza haiwasumbui. Theodory akaongeza kwamba wa milimani hawatoshi, sharti wawe wamechunga, kwa kuwa aliyewahi kupigwa teke na ndama hamwogopi beki. Wakaanza kutafuta kwenye simu ni mchezaji gani alichunga akiwa mdogo. Rogathe, bingwa wa misimu miwili, aliulizwa siri yake. Alisema anachagua majina anayoweza kuyatamka, kisha akapuliza makaa.

Saa tano ilipita. Theodory alikohoa, akasema kwa upole kwamba sheria waliitunga wote.

— Nafahamu, alisema Mzee Tluway.

— Shida yangu si Okwudili, mzee wangu. Tukivunja leo, kesho kila mtu atasema alikopesha.

— Mchukue. Mimi namngoja Gidahosh.

Hakuna aliyetania hapo. Birika lilikuwa limebaki na kikombe kimoja. Clement akanyoosha mkono, Rogathe akausukuma kando. Kikombe hicho kilikuwa cha mtu wa Hirbadaw.

Aliyekuja si yeye. Alikuja mwanamke wa miaka thelathini hivi, vumbi limempanda hadi magotini, shuka jeusi mabegani. Alisalimu mmoja mmoja, kuanzia kwa mkubwa.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.

Hakukaa. Alisema jina lake ni Glory, binti wa Gidahosh, na anamtafuta Mzee Agustino Tluway. Alipoonyeshwa, aliinamisha kichwa kidogo, akazungumza taratibu, kama mtu aliyekariri maneno njiani asije akayaharibu.

— Baba ametuagiza. Alisema, Okwudili ni wa Mzee Tluway, arudi kwake kabla ya Jumamosi mchana, na isemwe mbele ya watu. Alirudia mara tatu. Sasa nimesema.

— Umesema, mama, alisema Theodory. Tumesikia sote.

— Ila tunaomba radhi. Kaka zangu wamepitia zizi lote mara mbili, na la mjomba kule Mogitu pia. Hakuna anayemjua ng'ombe wa jina hilo. Hatutaki kubaki na mali ya mtu.

Akawatazama wote wanne.

— Ni dume au jike? Ana rangi gani?

Clement aliigeuza simu yake, kioo kikaangalia benchi. Theodory alijishughulisha na kitana. Rogathe alikimimina kile kikombe cha mwisho, akampa mgeni, naye akakipokea kwa mikono miwili bila kunywa, akingoja jibu.

Mzee Tluway alifungua kifungo cha juu cha koti, akakifunga tena.

— Mwanangu, alisema, kwa nini hakuja mwenyewe?

Gidahosh alikuwa amefariki Jumanne, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Hirbadaw.